Kongoni Walikuwa Nyuma Yetu

Sikiliza, mwenzangu, nikueleze jinsi mtu anavyoweza kwenda kutazama wanyama akaishia kutazama geti.

Tunaishi Malvern, mtaa mmoja wa jijini, mimi na mke wangu, ghorofa ya pili, mlango wa mbao na mbele yake mlango wa nondo. Tangu wezi walipomvamia nyumbani mchana akiwa peke yake, alikuwa havuki ile nondo ila kwa lazima. Cherehani aliihamishia kwenye dirisha la koridoni, nalo lina nondo. Wateja walipokea nguo zao katikati ya vyuma. Miezi saba hiyo. Mimi ni mlinzi, kazi yangu ni kuwafungia watu wawe salama, basi ningemwambiaje kwamba anakosea?

Nikamwomba twende kuona kongoni alfajiri, kwenye hifadhi iliyo kusini mwa jiji. Alikubali kwa sharti moja.

"Tukirudi bila kumwona hata mmoja, usinitoe tena humu."

Tulifika geti likifunguliwa. Majani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda usiku. Nilichagua mahali kwa makini: mwamba mkubwa wa kuegemea, asitokee mtu nyuma, na mbele naliona geti, maegesho na kila anayeingia. Nikajisifu moyoni. Jua likachomoza, likatupiga machoni. Tuliona watu wawili wakikimbia mazoezi, basi.

Chai ya chupa ilipokaribia kwisha, mke wangu akauliza, "Baba watoto, leo nani kakupangia lindo?"

"Lindo gani?"

"Unavyowakagua wanaoingia. Kwani kongoni wanapitia getini?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimetuketisha kama ninavyoketi kibandani kwangu kazini, Randburg. Nikamweleza kwamba upande wa pili wa mwamba kuna bonde la malisho, ila tukikaa huko geti litabaki mgongoni na hatutamwona anayekuja.

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika funguo za nyumbani.

"Upepo unatoka wapi?" akauliza.

"Bondeni."

"Basi hawatatunusa." Akainuka yeye kwanza.

Upande wa pili walikuwepo kongoni sita, rangi ya matofali, nyuso ndefu kama za watu waliochoshwa na foleni. Jua lilikuwa nyuma yetu, likiwamulika hadi kope. Mke wangu aligeuka kutazama njia mara tatu. Mimi niligeuka mara nyingi kuliko yeye.

Nyumbani alifunga nondo kwa kufuli zote mbili, kama kawaida, akaujaribu mlango kwa kuutikisa. Kisha akasema, "Jumamosi tubebe chai zaidi."

Nawe utaweza. Fika mapema, lowesha kidole ukiinue juu; upande utakaopoa kwanza ndiko upepo unakotoka. Kaa ukiuelekea, jua likiwa mgongoni, na geti uliache nyuma yako.