Betri Zilizokufa

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kikatiti yakajaa vitu tusivyovijua, betri mpya za redio ziliingia kwa bei ya kutupa. Ziliisha nguvu upesi na kuvuja maji meusi. Zilizokufa tulizitumbukiza chooni, au tulizipeleka shuleni Ijumaa tukaziponda, na unga wake tukaupaka ubaoni uwe mweusi.

Mama yangu alikuwa na duka. Siku moja alikuja wakala wa kampuni ya betri na pikapu, kijana mwenye mdomo mtamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Betri zikiisha msizitupe, zina sumu. Kusanyeni, nitazifuata mwenyewe. Kiwanda kilichozitengeneza ndicho kitakachozizika."

Mama akaamini. Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya kina mama wenzake akawaeleza, na kwa kuwa walimjua, walizileta. Hata mwalimu mkuu aliponituma kuomba za ubao, mama alikataa.

"Si zangu. Zina mwenyewe."

Nilirudi shuleni mikono mitupu, nimenuna. Magunia manne yalijaa nyuma ya jiko.

Kwa kweli wakala alirudi, siku chache kabla ya masika. Akapakia yote, akamshukuru mama kwa mikono miwili. Mama alishinda akiimba mapambio, na mimi, Mungu anisamehe, nilijivuna kijiji kizima.

Mvua zilipokolea, jirani anayekaa kule juu, kando ya korongo, aliingia bila hodi.

"Mama, mfereji wangu unatoa maji meusi. Magunia yako yapo korongoni. Ndicho ulichotukusanyia?"

Tulipanda naye. Yalikuwa manne, yamepasuka. Yule mshenzi hakufika hata Usa River hapo jirani. Alikata kona ya kwanza akamwaga.

Mama alijifunga khanga kiunoni, akaanza kuokota kwa mikono. Nikaokota naye huku nalia kwa hasira.

"Waambie ni wakala!"

"Aliyesimama kanisani ni wakala au ni mimi?"

Hatukuzimaliza. Betri mpya zilizidi kuja dukani, zikiletwa na wakala mwingine ambaye alisema hamjui mwenzake.

Jina la kampuni ile watu wameshalisahau. Lakini ukiuliza njia kule juu, watakuelekeza upite korongo la betri za mama mwenye duka. Mama alizunguka njia ndefu kwenda ibadani hadi alipokufa, ili asilivuke.