Jezi ya Chacha imerudi kavu

Siku tatu nafua jezi za watu, lakini ya leo imenitisha.

Mnajua nipo na timu ya mdogo wangu Chacha kwenye mbio za baiskeli za siku nne. Wao wanakanyaga, mimi nafua.

Siku ya kwanza, kule Susuni, jezi yake ilirudi nyeupe mgongoni kwa chumvi ya jasho.
Jana hivyo hivyo. Ilikakamaa kama ngozi ya ng'ombe!

Leo wamefika hapa Mugumu saa nane mchana, jua linawaka hadi lami inanata. Jezi za wenzake nimezikamua jasho kabla sijaziloweka.

Ya Chacha ilikuwa kavu.
Nikaigeuza, nikainusa. Vumbi tu.

Nikampelekea kocha. Akacheka: "Mwili umeshazoea huo, dada. Kesho anashinda."

Nikamfuata Chacha mwenyewe. Amekaa juani, amevaa sweta.
Sweta, jamani!

"Unaumwa?"
"Niko poa, dada. Ila hii baridi ya Mugumu!"

Wakurya wenzangu, huyu alisimama jandoni bila kupepesa jicho, na sisi dada zake tukamshangilia. Leo nitamwambiaje kwamba anaruhusiwa kusema inauma?

Nimeificha jezi. Bila jezi hawamruhusu kuanza kesho.

Wakati naandika hapa amekuja kuiulizia mara tatu.
Mara ya tatu ameniita mama.

Mwenye gari hapa Mugumu, njoo sasa hivi tumuwahishe hospitali.