Siku Lugembe Hakutukana

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi baridi, upepo mkavu wenye vumbi; mchana jua bila wingu.

Lugembe wa Kanyenye alikuwa mrina asali. Kwa miaka thelathini, kila Juni ilimkuta kambini, katika misitu ya Sikonge. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa kubaki nyumbani, tangu saratani ya tezi dume iingie kwenye mifupa ya mgongo. Mkewe, Apolinaria, alimkuta mara kadhaa uani akinusa gunia kuukuu lililobeba nta.

Wiki hiyo aligawa mizinga yake yote, kisha buti. Watu walimsifu kwa ukarimu wake.

Saa nane mchana aliingia Nurdini, fundi baiskeli. Yeye ni Mzaramo, Lugembe ni Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani: mmoja huingia kwa mwenzake akabeba anachotaka, mwenye mali akamtukana na kumnyang'anya. Ndivyo walivyoishi miaka yote.

Nurdini alikwapua redio mezani. "Mpagazi wewe, hii nimechukua! Kelele zake zinakuzidi umri."

"Chukua," Lugembe alisema. "Waya wake uko dirishani."

Nurdini akasubiri. Tusi halikuja. Akairudisha redio mezani, akaketi.

"Mizinga umegawa. Buti umegawa. Sasa hata kunitukana hutaki. Lugembe, unafikiria kujiua?"

Lugembe alijibu akitazama mikono yake.

"Ndiyo. Tangu Ijumaa." Kisha akasema, "Natamani siku moja tu kambini, Nurdini. Ule moshi, zile sauti asubuhi. Hapa nasikia mgongo tu."

"Umemwambia mama watoto?"

"Nimwambieje? Amechoka."

"Basi tutamwambia wote wawili. Kambini sijui kama utafika. Leo hukai peke yako, hilo najua."

Apolinaria aliposikia alilia, akamshika mumewe bega, kisha akachukua dawa zote akazitunza yeye. Nurdini alilala sebuleni, mkekani, akilalamikia mbu wa Kinyamwezi.

Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali watatu. Muuguzi wa kitengo cha kutuliza maumivu alifungua faili, akauliza mgongo unaendeleaje.

"Mgongo utasubiri," Lugembe alisema. "Nimekuwa nikitaka kufa. Andika hilo kwanza."