Mchumba Wangu Aliponiangusha Mtihani wa Ubatizo

Nilianguka mtihani wa ubatizo wiki mbili kabla ya harusi yangu, na aliyeniangusha ni bwana harusi mwenyewe.

Tuliishi kwenye shamba la ngano na pareto la mzungu mmoja, upande wa Kaptagat. Baba alikuwa dereva wa mkokoteni wa ng'ombe, akipeleka magunia mjini Eldoret, ambao wazee wa huku waliuita Sisibo. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa kanisa letu dogo la udongo na nyasi. Siku za kazi alifundisha kusoma, Jumapili alihubiri, na kwa kuwa pasta alikaa mbali, yeye ndiye aliyewatahini waliotaka kubatizwa. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kila aliponitazama nilishikwa na kicheko. Nilimpenda mpaka akili ikaruka.

Siku ya mtihani nilisimama mbele yake na wazee watatu wa kanisa. Niliulizwa amri kumi. Nilizijua zote, maana nilikuwa nikizikariri kila siku nikichuma maua ya pareto. Lakini alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeuma ndimu, nami nikaanza kucheka. Nikazitaja mbiombio huku mabega yakitetemeka, nikamaliza. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alishaanza kuinuka.

“Umetaja ngapi?” mchumba wangu akauliza.

“Kumi, Mwalimu.”

“Taja tena, polepole, uhesabu kwa vidole.”

Kidole kimoja kilibaki bila kazi. Nilikuwa nimeiruka ile amri inayokataza kusema uongo. Akanipa nafasi ya tatu, na bado haikuja. Kicheko kilikuwa kimeifagia kichwani.

“Utarudi darasani,” akasema. “Mtihani mwingine ni baada ya mavuno.”

Mzee aliyekuwa anainuka akakaa tena kwa kishindo. “Mwalimu! Si ni moja tu? Na harusi je? Nani atamfungisha ndoa asiyebatizwa? Ng'ombe wako walishafika kwa baba yake!”

“Mara iliyopita nilimrudisha binti wa nyapara kwa amri moja,” akajibu. “Nikimpitisha huyu leo, yule nitamwambia nini?”

Nyapara, msimamizi wa vibarua, aliogopwa na shamba zima, na tangu binti yake arudishwe alikuwa akisema wazi kwamba atamfukuzisha mwalimu.

Nilikimbia nyumbani nikilia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa akishona gauni langu la kitambaa cheupe.

“Ati umeanguka? Nani amekuangusha?”

“Bwana harusi.”

Mama akadondosha sindano. Baba, aliyekuwa akifungua ng'ombe, alicheka mpaka akajishikilia kwenye pembe za mmoja wao. “Huyo ndiye mkwe!” akapiga kelele. “Mama, huyo ndiye mkwe!”

Alasiri mchumba wangu akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mtu anayeomba kazi.

“Umenikasirikia?”

“Sana.”

“Una haki. Kosa langu ni kwamba sikufaa kukutahini mimi. Ningemwachia mtu mwingine tangu mwanzo. Nimewaambia wazee hivyo, na Jumapili nitaliambia kanisa.”

“Na ukifukuzwa shambani?”

“Nitatafuta kwingine. Utanifuata?”

“Nikifaulu,” nikasema, na kicheko kikanishika tena, safari hii kikamwambukiza naye, na mama akatufukuza wote wawili kwa mwiko.

Jumapili alisimama mbele ya watu akakiri kosa lake bila kujitetea. Mimi nilitazama chini, masikio yakiwaka moto, lakini moyoni nilikuwa nikirukaruka. Mtu huyu hangenidanganya kamwe. Nilitaka kusimama juu ya benchi niwatangazie wote kwamba ni wangu.

Mlango ukafunguliwa. Nyapara akaingia na koti lake refu, yeye ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kanisani. Nyuma yake alikuwa binti yake. Tukafikiri amekuja kuvunja ibada.

“Nimesikia umemwangusha bibi arusi wako,” akasema.

“Ndiyo, Mzee.”

Nyapara akamsogeza binti yake mbele. “Basi mwandike huyu wangu tena darasani.” Akaketi benchi la mwisho, akakaa mpaka mahubiri yakaisha.

Mimi na binti yake tukasoma pamoja. Tuliimba amri mashambani, tukiulizana huku tukirushiana maua ya pareto, na wanawake wengine wakatuita wendawazimu wa Musa. Baada ya mavuno pasta alikuja kututahini mwenyewe, na mchumba wangu akapelekwa mbali kabisa, upande wa zizi, kwa ombi lake. Sisi wawili tulipita. Tulitoka mbio tukishikana mikono, tukapiga vigelegele mpaka ndama wakakata kamba, na mwalimu, ambaye hakujua bado kama ni furaha au msiba, akaja akikimbia, matope hadi magotini.

Tulioana mwezi uliofuata. Mvua ilinyesha, gauni likaloa, na mume wangu, ambaye hakujua kucheza hata kidogo, alicheza mpaka kiatu kimoja kikapotea kwenye matope, nami nikavua vyangu nikacheza naye.