Neno la Mfungwa

Kabla hujaondoka, mwanangu, nisikilize. Nakumbuka siku moja niliyomshika mume wangu mkono nikamwambia atoroke. Usinitazame hivyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mimba imekuwa kubwa, mpunga umeiva na ndege wanaumaliza!

Tulikaa Michenga, miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Mume wangu Damiani alifungwa Mahenge, ng'ambo ya mto, kwa kuua kiboko bila kibali. Kiboko mwenyewe alikuwa anakula mpunga wetu, lakini sheria haikuuliza habari za mpunga. Baba yake alipofariki, bwana mkubwa wa gereza akamruhusu aje kuzika, bila askari wa kumsindikiza. Alimtaka aahidi tu kwamba Jumapili jioni atakuwa amerudi. Akasema kwao jambo hilo linaitwa parole.

Tukazika. Jumamosi alfajiri Damiani akaanza kufunga mzigo wake, nami nikamzuia.

"Pita Kisawasawa, pita Sanje, ukifika Kidatu nani anakujua? Yule fundi Mtaliano anayejenga kanisa ameniambia, kwao parole maana yake maneno. Maneno tu, haya haya tunayosema kutwa! Urudi gerezani kwa ajili ya maneno?"

Damiani akauweka mzigo chini. Nikajua nimempata.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani na kaniki yake ya msiba, sauti imemkauka kwa kulia. Akaniita.

"Mwanangu, mimi nimefiwa na mume. Nani anamtaka Damiani hapa kuliko mimi?"

"Hakuna, mama."

"Basi nisikilize. Huko alikotoka wamebaki watu wenye wazazi, wenye watoto. Huyu asiporudi, mwenzake akifiwa kesho nani atamfungulia mlango? Ahadi ni deni. Mwache aende."

Lo! Nililia kwa hasira, sikufichi. Kisha nikajifunga khanga kiunoni, nikambebea mzigo mpaka mtoni. Mto ulikuwa umefura, wavushaji wamekataa kuvuka. Damiani akaomba mtumbwi, akashika mwenyewe pondo la kuusukumia. Nilisimama ukingoni nikisali mpaka nikamwona anapanda ng'ambo, ndipo nikarudi kwa ndege wangu. Tulivuna wawili, mimi na mama mkwe, na tumbo langu hilo. Mgongo uliniuma, na siku nyingine nilimlaani yule bwana mkubwa na parole yake.

Kabla Damiani hajamaliza kifungo, akaja nyumbani mtu nisiyemjua, kichwa kimenyolewa kifungwa. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo mama. Mimi ni wa Kisawasawa, nimefungwa na Damiani. Mwanangu alifariki. Nilipoomba ruhusa, bwana mkubwa alisita. Halafu akasema, yule wa Michenga alirudi, nenda na wewe. Nimemzika mwanangu kwa mikono yangu, mama."

Tulimkaribisha chakula, akakataa. Alikuwa anawahi kuvuka mto, naye arudi gerezani.

Baadaye padri mmoja aliyejua Kifaransa aliniambia kwamba huko parole ni neno lolote litokalo kinywani, na Mwingereza alilichukua kwao akaliita ahadi ya mfungwa. Kumbe Mtaliano hakunidanganya. Ni maneno kweli. Ila mimi nilidhani neno la Damiani ni mali ya Damiani peke yake, kumbe yule baba wa Kisawasawa alikuwa analitegemea kabla hata hajajua kwamba atafiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiahidi ovyo ili tu watu wakusifu. Kawia kusema. Ukishasema, timiza, hata kama mkeo analia, hata kama mto umefura na wavushaji wamekataa. Anayevunja ahadi anamfungia mlango mtu ambaye hata hamjui.

Nenda salama. Mungu akujalie kinywa kizito na miguu myepesi, na siku ya msiba wako akukutanishe na mlango ambao mwenzako aliuacha wazi.