Mkalimani wa Mheshimiwa Mchakato

Wifi yangu si mtu wa maneno mengi, na kwa bahati mbaya yake aliolewa katika ukoo wetu. Kwetu hata salamu ina utangulizi na hitimisho. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama aliongea mpaka chai ikapoa, na mchumba akajibu, "Sawa, mama." Tukasema huyu ana maringo. Ilituchukua mwaka mzima kugundua kwamba alikuwa anasikiliza, jambo ambalo kwetu halikuwahi kutokea.

Kazi yake ni ualimu. Anafundisha darasa la watoto viziwi katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Yeye na kaka walikipaka chokaa wenyewe wakati wa likizo. Watoto walikuwa kumi na mmoja, mdogo kabisa ana miaka sita, nao hukaa nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Ukipita nje utadhani hamna mtu. Ukiingia utakuta wanagombana, wanataniana na kushtakiana kwa mwalimu, yote kwa mikono.

Na mimi? Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mbunge wetu. Nilichapa barua, niligonga mihuri, niliwaambia watu kwamba Mheshimiwa yuko safarini. Mara nyingine alikuwa safarini kweli. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Mheshimiwa Mchakato, kwa sababu hakuna jambo ulilomuuliza ambalo halikuwa kwenye mchakato.

Mwaka ule ilitoka amri kwamba madarasa madogo ya namna ile yafungwe mwisho wa muhula, isipokuwa yale ambayo mbunge wa eneo atathibitisha kwa saini yake kwamba yanahitajika. Karatasi moja, saini moja, tarehe. Shule nyingine ya viziwi ilikuwa mwendo wa siku nzima, tena ya bweni, na yule wa miaka sita bado alikuwa hapati usingizi bila kushika nguo ya mama yake. Karatasi ilipofika mezani kwangu niliitia kwenye jalada la kijani, nikampelekea mkubwa.

"Dada," alisema bila kuinua macho kwenye simu, "unaona nchi inavyotokota, halafu unaniletea fomu?"

Nchi ilikuwa inatokota kweli, nisimsingizie. Chama chake kilikuwa kimegawanyika kambi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu mkuu, na kila kambi ilikuwa na muhuri wake. Bungeni walikuwa wamegombania kiti cha mbele, kiti chenyewe, cha kukalia, mpaka kikavunjika mguu. Wabunge wa kambi moja wakasusia vikao. Wa kambi ya pili wakasusia kususia huko. Mheshimiwa wetu, kwa msimamo wake usioyumba, alikuwa amehama kambi mara mbili.

Miezi mitatu nilitembea na jalada lile. Kila Jumapili wifi akija kwa mama aliniuliza neno moja tu: "Fomu?" Nami nilijibu, "Bado, wifi." Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, ningepata nafuu.

Kisha Mheshimiwa akaamua kuja kuwaeleza wananchi kinachoendelea. Mtu mmoja wa chama alikuwa amemwambia kwamba siku hizi mkutano usio na mkalimani wa lugha ya alama haupendezi kwenye picha. "Nitafutie mmoja," akaniagiza. Nikamwambia kwamba wifi yangu anaifanya kazi hiyo. Hakuuliza amesomea wapi. Aliuliza kama ana suti.

Mkutano ulipangwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo Mheshimiwa alifika saa tano na nusu. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa watu kama mia tatu kwenye viti vya plastiki, mbele yao bango lenye uso wake, kubwa kuliko mlango. Safu ya kwanza walikaa viziwi tisa. Hawakuwahi kuja kwenye mikutano yetu, na walikuwa na sababu nzuri. Katikati yao alikuwepo fundi viatu wa karibu na posta, baba wa yule mtoto wa miaka sita, amevaa koti alilofungia ndoa. Wifi alisimama pembeni ya jukwaa ndani ya suti yangu, mikono tayari.

"Ndugu wananchi, nimekuja kuwapa taarifa," akaanza Mheshimiwa, na mikono ya wifi ikaenda naye vizuri tu. "Kama mnavyofahamu, kufuatia mvutano uliopo, na katika muktadha mpana wa mchakato unaoendelea, sisi kama viongozi tumeona ipo haja ya kuangalia ni kwa namna gani..."

Mikono ikasimama hewani. Mheshimiwa akazama kwenye mchakato, akaibukia upande wa pili wa maslahi mapana ya taifa. Mikono ikashuka polepole, ikatulia tumboni, mmoja juu ya mwingine.

Hapa lazima nieleze, maana baadaye walisema ni jeuri. Mkalimani hafuati neno kwa neno. Anasubiri maana ifike, na ikifika ndipo anaitoa kwa mikono. Wifi alikuwa anasubiri. Alisubiri dakika kumi, akasubiri ishirini, macho kwa Mheshimiwa, kwa adabu zake zote.

Watu wakaanza kugundua. Kwanza waliokaa nyuma wakaacha kusinzia. Mheshimiwa akisema jambo, ukumbi mzima unageuza shingo kutazama mikono, na ikiwa imetulia nao wanatulia. Alipotaja kwamba kile kiti cha bungeni kimetiwa mguu mpya, mikono iliruka kwa furaha ya kupata kazi, na makofi yakalipuka. Mheshimiwa akainamisha kichwa kushukuru. Alidhani wanaupongeza msimamo wake.

Lakini si mjinga, tusimwonee. Baadaye alikatisha hotuba, akamgeukia wifi. "Mwalimu, mbona umepumzika? Umechoka?"

"Hapana, Mheshimiwa," wifi akajibu kwenye kipaza sauti. "Nasubiri utakachosema."

Aliyasema kwa upole uleule wa "Sawa, mama". Kicheko kilianzia kwa waliosimama madirishani kikaja mpaka mbele. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Kicheko kilipotulia, fundi viatu alisimama. Mikono yake ilisema kwa kifupi, na wifi akaitafsiri kwa sauti: "Anauliza, karatasi ya darasa la watoto wetu umesaini au hujasaini?"

Mheshimiwa akavuta pumzi. Alianza na historia ya elimu nchini, akazipitia kambi zote mbili, akagusia kesi ya mihuri iliyoko mahakamani, akamalizia na umoja wa kitaifa. Dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani. Alipomaliza, wifi alimtazama fundi, akatikisa kichwa mara moja.

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alikaa, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, na kile cha mwisho kikamshinda. Nilishikwa na hasira, nyingi ikiwa juu yangu mwenyewe.

"Fomu hiyo iko ofisini," Mheshimiwa akasema. "Itashughulikiwa kwa utaratibu."

Haikuwa ofisini. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, ilipokaa miezi yote ile. Karani mwenye akili timamu angenyamaza na kulinda kibarua chake. Nikasimama, nikapanda jukwaani na jalada la kijani, kalamu nimeshaifungua.

"Iko hapa, Mheshimiwa."

Aliniangalia jicho la tutaonana. Kisha akawaangalia watu mia tatu na mpiga picha wake mwenyewe. Akatafuta neno, akalikosa, nadhani kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Akasaini. Wifi akawaambia safu ya mbele, na viziwi wote tisa wakainua mikono na kuitikisa hewani, ndivyo wanavyopiga makofi. Ukumbi ukawaiga.

Jumatatu nilichapa taarifa ya mkutano, kurasa nne. Kwa maelekezo yake, niliandika kwamba katikati ya misukosuko ya taifa Mheshimiwa alilipigania darasa lile miezi mitatu bila kupumzika. Jumanne nikahamishiwa stoo ya fulana za kampeni, ambako nipo mpaka leo. Wifi hakuitwa tena. Walisema suti haikumkaa vizuri. Darasa lipo, na watoto sasa ni kumi na watatu.

Mkutano uliofuata Mheshimiwa alikuja kueleza kwa nini amehama kambi tena. Safu ya mbele ilikuwa tupu. Baada ya nusu saa, bibi mmoja aliyekaa jirani yangu, mwenye masikio mazima kabisa, alinivuta mkono.

"Mjukuu wangu, yule mwalimu wa mikono leo hayupo?"

"Hayupo, bibi."

Akalitazama jukwaa kidogo, akaokota mkoba wake chini ya kiti.

"Sasa sisi tutajuaje kama amesema kitu?" akauliza, na akaondoka kabla sijamjibu.