Mboji ya Theopista Haina wa Kuipima

Umepita Kahororo, hapa Bukoba, mara ngapi ukaziba pua na kugeuza uso? Ugali ulioubakiza hotelini, kichwa cha sangara, maganda ya ndizi za harusi ya dada yako, vyote viko pale. Anayevichambua ni Theopista Mwijage, na wewe unaongeza mwendo.

Asubuhi hii ameinama juu ya rundo lake, anachomoa mifuko ya nailoni. "Kijiko tena!" anafoka. "Siku moja watanitupia na mpishi."

Mama huyu wa watoto wanne hukusanya makombo ya migahawa ya Bukoba, huyaozesha mpaka yawe mboji, kisha huwauzia wakulima wa migomba wilayani Muleba.

Msimu uliopita mchuuzi mmoja alipanda Ijumbi, huko Muleba, na magunia ya uchafu ulioiva nusu, bado wa moto, una vipande vya chupa. Akauita mboji. Machipukizi ya migomba yakaungua, naye akatoweka. Wa kulaumiwa akabaki Theopista.

Juzi alimpelekea gunia mteja wake wa siku nyingi, mzee Kahangwa. Mzee alimsimamisha nje ya kibanja, shamba lake la migomba la nyumbani.

"Tata, waitu, shika uone. Hata harufu haina," Theopista alimsihi, akimwita baba kwa Kihaya.

"Yule naye alisema nishike."

"Kwani mimi ndiye yule?"

"Mwanangu, baba yangu amelala humu kwenye migomba. Kibanja hiki kimekula maganda ya jiko letu tu tangu enzi zake. Wewe nilikukubalia kwa kukuamini. Sasa nataka mtu wa kuniambia ni salama."

Ana kosa gani mzee? Mtu huyo hayupo!

Theopista alimtafuta. Ofisi ya kwanza ilimwambia hizo ni taka, aende kwa watu wa taka. Watu wa taka wakamwambia hiyo ni mbolea, arudi alikotoka. "Wamenifanya mpira," anasema. "Na goli lenyewe hawajachimba."

Rundo liive muda gani, lipate joto kiasi gani, chupa na plastiki vichujwe vipi, hakuna aliyemwonyesha kipimo. Tunakumbuka mapipa ya rangi mbili yaliyoletwa mtaani kwa ngoma na picha, moja la makombo, moja la plastiki. Leo yanakinga maji ya kuoshea pikipiki za wakubwa.

Mawingu yameanza kukaa juu ya ziwa. Mboji ikinyeshewa hapa nje, nguvu yake itateremka na maji. Msimu huu ukimpita, Theopista atarudi kulima vibarua.

"Waje wapime," anasema. "Ikiwa mbaya, waimwage, sitalia. Ikiwa nzuri, wamwambie mzee Kahangwa kwa kinywa chao."

Hilo tu ndilo analoomba, na linamshinda nani? Nyumbani kwa diwani wako unakujua, wakati wa kura ulikunywa chai pale. Nenda leo, kabla mvua haijashuka. Muulize vipimo vya mboji viko wapi na nani atakuja kupima. Usiondoke mlangoni bila kupewa siku.